Siku 84 zinavyoliwa: maswali ya akina mama walioajiriwa

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na karibu zote zinazunguka mambo mawili: likizo ianze lini, na mama akirudi kazini mtoto abaki na nani. Mshauri wa sheria za kazi na muuguzi mkunga wamezijibu kwa zamu. Majibu ya sheria ni ya Tanzania Bara, isipokuwa pale tuliposema vinginevyo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Nauza duka la vitambaa Kariakoo, nina mkataba wa kudumu, mwaka wa tatu sasa. Kliniki wameniandikia tarehe ya matarajio 22 Juni. Bosi anasema lazima nianze likizo mwezi mmoja kabla, ndivyo sheria inavyotaka. Mama mkwe anasema nifanye kazi mpaka uchungu unishike, ili siku zote nizile na mtoto. Nimsikilize nani? Mama Kijacho, Dar es Salaam

Bosi wako amesoma nusu ya sentensi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiriwa *anaweza* kuanza likizo ya uzazi wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Hiyo ni ruhusa yako, si amri yake. Kabla ya hapo unaweza kuanza tu kama daktari ameandika kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji hivyo.

Likizo yenyewe ni siku 84 za malipo kamili, au 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Huhesabiwa mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ni wiki 12 kamili, na kila wiki unayoila kabla ya kujifungua imetoka kwa mtoto. Tazama tarehe zako:

Ukianza 25 Mei, yaani wiki 4 kabla, siku 84 zinaisha 16 Agosti. Tarehe 17 uko dukani na mtoto ana wiki 8.

Ukianza 15 Juni, wiki moja kabla, zinaisha 6 Septemba. Unarudi tarehe 7 na mtoto ana wiki 11.

Ukianza 15 Juni kisha ukaunganisha na likizo yako ya mwaka ya siku 28, unarudi 5 Oktoba na mtoto ana wiki 15. Kati ya njia hizi tatu sisi tungechagua hii. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo kwa mwanao zingeangukia 3 Agosti, 31 Agosti na 28 Septemba, zote zinapita ukiwa bado nyumbani, na hutahitaji kuomba ruhusa ya kwenda kliniki wiki chache tu baada ya kurudi.

Kuhusu mama mkwe: ana hoja, lakini kazi yako ni ya kusimama, na tarehe ya matarajio ni makadirio tu. Mtoto anayekuja wiki mbili kabla au wiki moja na nusu baada hajakosea. Uchungu ukikushika tarehe 10, likizo inaanza siku hiyo na mahesabu yanasogea. Mtoto akichelewa hadi 29 Juni, siku zilizopita hazirudishwi. Ndiyo maana wiki moja kabla ni kipimo kizuri kwa mimba isiyo na shida. Wiki mbili kama miguu inavimba au safari ya kazini ni ndefu.

Shinikizo la damu likipanda, au ukaandikiwa kupumzika ukiwa na miezi 7, usikimbilie kuanza likizo ya uzazi. Muulize daktari kama hali hiyo inastahili likizo ya ugonjwa. Hiyo ina siku zake 126 ndani ya mzunguko wa likizo (kipindi cha miezi 36 kinachoanza siku uliyoajiriwa), 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na inahitaji cheti cha daktari. Wengi hutumia siku za uzazi kutibu ugonjwa, kisha mtoto akizaliwa zimebaki 50.

Sasa barua. Sheria inataka umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, ukiambatanisha cheti cha daktari. Kwako mwisho ni 22 Machi. Kama tarehe hiyo imeshapita, andika leo. Barua isizidi ukurasa mmoja na iwe na mambo matano: tarehe ya matarajio, siku ya kuanza likizo, siku ya mwisho, ombi la kuunganisha siku 28 za mwaka, na namna unavyopendekeza kutumia saa za kunyonyesha ukirudi. Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri au isainiwe "imepokelewa" pamoja na tarehe, na ibaki kwako. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko kimya, ila simu hupotea na mabosi hubadilika.

Siku 28 za mwaka ziombe mapema, kwa sababu wakati wa kuzichukua hupangwa na mwajiri. Ukiziomba wiki ya mwisho ya uzazi atakuambia duka lina wateja wengi, na sheria haitakusaidia sana hapo.

Nina miezi 5 kazini, bado niko kwenye muda wa majaribio, na nimegundua nina mimba ya wiki 9. Nifiche? Msomaji, Morogoro

Usifiche, ila huna haja ya kutangaza leo. Sheria hainyimi likizo mtu kwa kuwa yuko kwenye majaribio. Inachoangalia ni miezi 6 ya kazi: aliye chini ya hapo kwa kawaida hana likizo ya malipo. Mimba ya wiki 9 leo itajifungua baada ya miezi 7 hivi, na kufikia hapo utakuwa umepita mwaka.

Pa kuangalia ni hapa. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumgusi aliye na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Ulinzi dhidi ya ubaguzi, ambao mimba imetajwa ndani yake kwa jina, hauna sharti hilo. Kwa hiyo mtu akiondolewa mwezi wa 5 kwa sababu ya mimba, malalamiko yake yaandikwe kama ubaguzi. Wengi huandika "nimeachishwa" na wanakwamia mlangoni. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kama ni kuachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine. Siku hizo huanza kuhesabiwa mgogoro unapotokea. Usingoje ujifungue kwanza.

Niliajiriwa 1 Machi 2021. Mtoto wa kwanza nilimpata Oktoba 2023. Wa pili namtarajia Septemba 2026. Afisa utumishi anasema miaka 3 haijatimia tangu nijifungue, hivyo sina likizo ya malipo. Ni kweli? Mama wa wawili, Mwanza

Hapana, na kosa hili tunalikuta kila mara. Miezi 36 inayotajwa na sheria haihesabiwi toka kujifungua hadi kujifungua. Ni mzunguko wa likizo, na huanza siku uliyoajiriwa. Wako wa kwanza ulianza 1 Machi 2021 ukaisha 29 Februari 2024, na Oktoba 2023 iko ndani yake. Wa pili umeanza 1 Machi 2024 na utaisha 28 Februari 2027, na Septemba 2026 iko ndani ya huu. Mizunguko miwili, likizo mbili. Mpelekee barua yako ya ajira na mahesabu haya kwenye karatasi. Mara nyingi yanatosha bila ugomvi.

Ingekuwa wa kwanza alizaliwa Aprili 2024, hapo wote wawili wangeangukia mzunguko mmoja na afisa wako angekuwa sahihi: mwajiri halazimiki kutoa siku 84 nyingine za malipo. Hata hivyo mama haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, mpaka daktari aandike kwamba yuko sawa. Kwa hiyo ni lazima wakae mezani wapange: likizo ya mwaka, siku zisizo na malipo, au mchanganyiko wa hizo.

Mambo mengine mawili ambayo hukuyauliza. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama anastahili siku nyingine 84 za malipo ndani ya mzunguko uleule. Na mwajiri mmoja halazimiki kulipia zaidi ya likizo 4 za uzazi kwa mwajiriwa mmoja.

Kwa waliotuuliza kuhusu watoto njiti: marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa 2025 yamewaongezea muda mama hao. Hospitali iandike kwenye fomu ya kuruhusiwa umri wa mimba kwa wiki siku uliyojifungua, maana nyongeza inategemea namba hiyo. "Mtoto alizaliwa mdogo" haitoshi.

Mwajiri anasema NSSF watanilipa kwa hiyo yeye hanilipi mshahara miezi hii mitatu. Msomaji, Arusha

Ni vitu viwili tofauti. Mshahara wa likizo ya uzazi ni wajibu wa mwajiri. Fao la uzazi la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni haki yako kama mwanachama uliyechangia, na halimwondolei mwajiri mzigo wake. Masharti ya fao: uwe umechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 ya karibuni kabla ya kujifungua. Fao ni la wiki 12, 4 za kabla na 8 za baada. Hutolewa mara moja kila miaka mitatu, na hapa sasa ndipo kauli ya yule afisa wa Mwanza inapokuwa na ukweli.

Kinachokwamisha wengi ni michango iliyokatwa kwenye mshahara isifike kwenye Mfuko. Chukua taarifa ya michango mimba ikiwa na miezi 3 au 4, ilinganishe na karatasi zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Ukikuta mapengo una muda wa kumbana mwajiri. Ukiyagundua na kichanga mkononi, utazungushwa.

Nipo Mombasa, nafanya kazi hotelini. Yale mnayoandika ya siku 84 yanatuhusu na sisi? Mama Amani

La, dadangu. Kwenu ni Sheria ya Ajira ya 2007: miezi 3 kwa mshahara kamili, na notisi ya maandishi isiyopungua siku 7 kabla ya kuondoka. Ukimaliza una haki ya kurudi kwenye kazi yako ileile, au nyingine inayokufaa kwa masharti yasiyopungua yale ya mwanzo. Na likizo ya mwaka haipotei kwa sababu ulichukua ya uzazi, imeandikwa wazi. Baba naye ana wiki 2 za malipo. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia. Hoteli haikosi chumba, mwambie meneja.

Mwanangu ana wiki 9, narudi kazini baada ya wiki 3. Naondoka Mbagala saa 12 asubuhi, narudi saa 12 jioni kwa foleni. Sitaki kuanza maziwa ya kopo. Nikikamua yatatosha? Na yatakaaje na umeme unaokatika? Msomaji, Dar es Salaam

Anza na kinachokupunguzia kazi ya kukamua. Mwajiri anatakiwa kumruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Aliye karibu na nyumbani huzigawa mara mbili. Wewe wa Mbagala hazikusaidii hivyo: omba uingie saa moja baadaye na utoke saa moja mapema, au utoke saa 2 mapema moja kwa moja. Mkubaliane kwa maandishi. "Tutaona ukirudi" maana yake hakuna. Zamu ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, usipangiwe katika miezi 2 baada ya kujifungua, na hata baadaye kama daktari ameandika.

Sasa kiasi. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, wengine pungufu, wengine zaidi. Kwa kila saa ambayo haupo, weka mililita 30 hadi 45. Saa 12 ni mililita 360 hadi 540, sawa na milo minne ya 90 hadi 135. Ukipunguziwa saa 2, ni 300 hadi 450. Uzuri ni kwamba maziwa unayokamua leo kazini ndiyo anayokunywa kesho. Akiba kubwa unaihitaji kwa siku ya kwanza tu, pamoja na ya dharura ya siku moja au mbili. Kina mama wanaojaza friza lita 5 wamejichosha bure, na wengine matiti yameanza kutoa kuliko mtoto anavyohitaji, yanavimba na kuuma.

Kwa wiki hizi 3 kamua mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, kwa kuwa wakati huo maziwa huwa mengi. Mililita 30 hadi 60 inatosha. Siku za mwanzo utapata kijiko. Usikate tamaa, titi linajifunza.

Kwa mkono: nawa kwa sabuni, kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, rudia. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi, unajichubua na hakuna kinachotoka. Dakika ya kwanza au ya pili huwa kavu, ni kawaida. Badilisha titi kila dakika 3 hadi 5, jumla dakika 20 hadi 30. Pampu inaharakisha, hasa ya umeme, lakini mpira wake usipolingana na ukubwa wa chuchu utatoka kidonda. Maumivu ya kukamua si jambo la kuvumilia.

Kazini kamua kila baada ya saa 3, na si chooni. Omba chumba chenye funguo, kiti na soketi. Ukiruka mara mbili, titi linakuwa gumu, mfereji unaziba, na baada ya siku chache maziwa yanapungua kwa sababu mwili umeelewa kwamba hayatakiwi. Ukipata uvimbe wenye joto na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uendelee kunyonyesha au kukamua. Kuliacha titi likiwa limejaa kunazidisha. Na maziwa hayachachi ndani ya titi, hata ukishinda juani. Usiyamwage ya kwanza ukifika nyumbani.

Kutunza: katika joto la kawaida la hadi nyuzi 25, saa 4. Chumba cha Dar mwezi Januari kinapita hapo, kwa hiyo yaingize kwenye baridi mara umalizapo. Deli dogo au mfuko wa kutunza baridi wenye barafu iliyoganda vizuri, hadi saa 24. Friji, hadi siku 4, nyuma kabisa na si mlangoni. Friza ndogo iliyo ndani ya friji la mlango mmoja, wiki 2. Friza inayojitegemea, miezi 6. Weka katika vikopo vya mililita 60 hadi 100 vyenye mfuniko, andika tarehe, acha nafasi juu kwa kuwa yanapanda yakiganda. Ya zamani yatumike kwanza.

Kwa umeme: jaza nafasi zote tupu za friza kwa chupa za maji yaliyoganda. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na baridi muda mrefu zaidi kuliko iliyo nusu tupu. Weka pia kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake. Ukikuta sarafu imezama chini, umeme ulikatika muda mrefu hadi barafu ikayeyuka, hata kama sasa imeganda tena. Maziwa hayo usimpe mtoto.

Kuyeyusha: yatoe friza usiku, yaweke friji, yatumike ndani ya saa 24 tangu yayeyuke. Yasigandishwe tena. Pasha kwa kuweka kikopo kwenye bakuli la maji ya moto. Usichemshe jikoni wala kutumia maikrowevu, huacha sehemu za maziwa zenye moto zinazounguza mdomo. Mafuta yakijitenga juu, zungusha kikopo taratibu. Rangi ya bluu kidogo au harufu kama ya sabuni si kuharibika. Yaliyobaki mtoto aliponywea yamwagwe baada ya saa 2.

Mnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa. Kikombe husafishika kwa sabuni na kuchemshwa, na mtoto hasahau titi. Mwanao akae wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Usimmiminie. Mafunzo yaanze sasa, na atakayemlisha awe yule atakayebaki naye, wewe ukiwa chumba kingine. Akinusa harufu yako hatakubali kikombe.

Jambo la mwisho kwako ni maji. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji, uji, wala dawa ya chango. Lisemwe wazi kwa dada na kwa bibi kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu mtoto akilia saa 8 mchana na wewe uko mbali, kijiko cha maji ndicho kitu cha kwanza kinachowajia.

Dada wa kazi au dei kea? Sote wawili tumeajiriwa, Dodoma, hatuna ndugu wa karibu. Msomaji

Kwa mtoto wa chini ya mwaka tungechagua dada mzuri. Kwa aliyeanza kutembea na kusema, dei kea nzuri. Hesabu ya fedha isiwe ya mwezi tu: dei kea ina ada ya kujiandikisha, nauli na faini ya kuchelewa. Dada ana mshahara, chakula, sabuni na nauli ya kwenda kwao.

Kama ni dada, aanze wiki 4 kabla hujarudi kazini, na utafutaji uanze mwezi mmoja kabla ya hapo. Awe na miaka 18 na zaidi. Omba kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na namba za watu wawili wanaomfahamu, na uwapigie kweli. Kubalianeni akapimwe kifua kikuu, gharama iwe yako. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja: kazi, saa za kazi na kupumzika, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe ya kulipwa. Amri ya mishahara ya serikali hutenganisha kima cha anayelala kwenu na asiyelala. Angalia amri inayotumika sasa, si namba uliyosikia kwa jirani.

Wiki ya kwanza anakutazama. Ya pili anafanya yeye, wewe unatazama. Ya tatu unatoka kwa muda wa saa 2, kisha 4. Ya nne unatoka siku nzima mara mbili, kwa saa zilezile za kazi, foleni ikiwemo. Hapo ndipo matatizo yanapojitokeza: maziwa hayatoshi, simu yake haina chaji, hajui kuwasha jiko. Afadhali yajitokeze ukiwa huna ripoti ya kupeleka kesho.

Kosa kubwa la familia zenye kipato cha kawaida ni kumpa dada mmoja mtoto, kufua, kupika, kudeki na kumpeleka mkubwa shule. Atachagua kazi zinazoonekana, kwa sababu ukirudi utaona sakafu chafu, lakini hutaona kwamba mtoto amelala chali kitandani kwa muda wa saa 5 bila kusemeshwa. Miezi 6 ya kwanza mwambie: mtoto, vyombo vya mtoto na chakula chake mwenyewe. Nguo nyingine mtafua Jumamosi.

Mtoto anayekutwa amelala kila unaporudi, kisha anakesha usiku, chunguza. Wapo wanaowapa vichanga dawa za mafua ili walale, na ni hatari kwa upumuaji. Dawa zote zikae kabatini kwa funguo. Bandikeni karatasi ukutani: mtoto alale chali bila mto, ndoo za maji zifunikwe, jiko la mkaa lisiingie ndani. Chini yake dalili za kwenda hospitali bila kungoja mama: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea haamki vizuri, anapumua kwa kasi. Na namba tatu za simu, pamoja na ya bodaboda unayemwamini na pesa ya nauli kwenye bahasha.

Kama ni dei kea, cheti cha usajili kinachopitia ustawi wa jamii wa halmashauri kiwe ukutani, na usione haya kukisoma. Tembelea mara mbili bila taarifa, moja saa 4 asubuhi na nyingine saa 10 jioni watu wamechoka. Hesabu vichanga na walezi: zaidi ya watatu au wanne kwa mlezi mmoja, ondoka. Uliza kama wanapokea walio chini ya mwaka, kama wana friji, kama watatumia kikombe, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Kituo kinachofunga saa 11 jioni, na wewe unatoka kazini saa 11, hakikufai hata kiwe kizuri namna gani. Na mtoto mwenye homa hakimpokei, wala kisimpokee. Kwa hiyo hata wenye dei kea wanahitaji mtu wa akiba.

Mimi ni baba. Nina siku ngapi? Msomaji, Tanga

Siku 3 za malipo, na zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, baada ya hapo zimepotea. Ni 3 kwa mzunguko mzima wa miezi 36, hata mkipata watoto wawili humo ndani. Ni chache, ndiyo. Ila nawe una siku 28 za mwaka. Usizimalize wiki ya kujifungua, nyumba ikiwa imejaa shangazi na bibi. Weka wiki mbili ziangukie siku mama anaporudi kazini. Mtoto atakuwa na mtu anayemjua, dada atakuwa na wa kumuuliza, na friza utaijua wewe.